Kondoo Kumi na Mmoja wa Mama Burulkan

Tarehe 30 Juni, Bi. Burulkan Satarova anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Boz-Kuduk. Nimeombwa niandike wasifu wa furaha. Nitajitahidi, ingawa tangu Machi mimi na yeye hatuna raha.

Alianza kama mpiga chapa, akapanda hadi kuwa mkaguzi wa kaya. Kazi yenyewe ni kumtembelea anayeomba posho ya watoto, kutazama jiko lake, kuhesabu mifugo na kuandika alichokiona. Alivizungukia vijiji kumi na tisa, na wakati wa theluji alipanda farasi wa kuazima aliyemchukia waziwazi. Sheria inamkataza mkaguzi kula kwa mwombaji. Mila inamkataza mgeni kutoka bila kuonja mkate. Basi yeye alimega kipande cha ukubwa wa ukucha. "Mama, unakula au unawaibia ndege?" wenyeji walimtania.

Faili zake hazikuwahi kurudishwa, isipokuwa moja, na hiyo aliirudisha mwenyewe.

Ni ya Anarkan, mjane mwenye watoto wanne. Ni Mkirgizi kama sisi, ila alizaliwa Murghab, ng'ambo ya mpaka, na uraia wake bado unasubiriwa. Vuli iliyopita Mama Burulkan alifika kwake, akakuta zizi limejaa, akaandika: kondoo kumi na mmoja. Ombi likakataliwa kwa sababu ya mifugo, hata suala la uraia halikufikiwa. Kufikia Februari binti mkubwa wa Anarkan alikuwa ameacha shule na anaosha vyombo kwenye mgahawa wa barabarani.

Ndipo jirani alipokuja ofisini kwa shida zake, akaropoka kwamba kondoo wale walikuwa wake. Anarkan aliwaazima kwa siku moja. Mama Burulkan alitandika farasi mchana uleule, nami nikamfuata.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza.

"Mgeni wa serikali nimkaribishe kwenye zizi tupu, mama? Ningeonekana nimekuja nchi hii kuomba."

"Si ndicho ulichokuwa unafanya?"

"Ndiyo. Lakini kuonekana, hapana."

Machi Mama Burulkan aliandika barua ya kujishtaki mwenyewe, akaomba kamati ya posho impe Anarkan msaada wa muda hadi karatasi za uraia zitoke. Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo, sina kura, ila mdomo ninao. Nilisema posho ni ya raia. Nilisema wazee wetu waliozaliwa hapahapa wanangoja miaka, na tukifungua mlango huu, wataingia wote wa ng'ambo, nasi tutawajibu nini wetu?

"Ormon, mwanangu," alinijibu mbele ya watu, "wewe njaa ya mtoto unaiuliza pasipoti?"

"Naiuliza zamu, mama. Foleni ni foleni."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, na hadi leo sioni nilipokosea hesabu. Kura zilitoka mbili kwa mbili, yeye akiwa hakupiga kwa kuwa kosa lilikuwa lake, mwenyekiti akaahirisha hadi tarehe tatu Julai.

Sasa mambo yamenigeukia. Kuanzia Julai mosi kiti chake ni changu, na kura yake ni yangu. Wiki iliyopita alinikabidhi kabati, mihuri na ramani ya vijiji aliyoichora kwa mkono. Nilingoja anibembeleze. Yeye akahesabu mihuri tu. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, hutaniomba?"

"Nikikuomba itakuwa kura yangu. Mimi naenda kupanda viazi."

Jana nilipita kwenye ule mgahawa. Binti wa Anarkan aliniletea chai, akanitambua, akanisalimu kwa heshima zote. Mikono yake imepasuka kwa magadi. Anaitwa Meerim, ana miaka kumi na mitatu, na kwenye faili ameandikwa "mtegemezi wa kwanza". Nilitoka nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

Bi. Burulkan, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa miaka thelathini na mmoja, kwa kutufundisha kazi na kwa kukubali kosa lako hadharani, jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi. Viazi vyako vistawi, magoti yakupe nafuu, wajukuu wakujalie kelele.

Tarehe tatu nitanyoosha mkono kusema ndiyo, na siku ya pili nitakwenda kuwaeleza wazee walio kwenye foleni, huku nikijua hawatanielewa. Wewe pumzika. Anarkan alikusumbua vya kutosha. Sasa ni zamu yangu kusumbuka.