Ile ya Kijani Imerudi

Benchi la nje ya karakana ya Fundi Rula lina miguu mitatu ya mbao, na wa nne ni kipande cha bomba la baiskeli. Wote wanaokaa hapo wanajua kwamba ukicheka sana upande wa bomba utajikuta chini. Jumamosi hiyo asubuhi walikuwa wanne. Kinyozi, ambaye kibanda chake kimepakana na karakana, alikuwa na taulo begani na hana mteja. Posta, mzee aliyegawa barua kwa baiskeli miaka thelathini mpaka barua zenyewe zikaisha, alikuwa na kikombe cha pili mkononi. Mama Birika, muuza kahawa, alikalia kigoda chake kando ya jiko la mkaa. Na Fundi Rula mwenyewe alisimama mlangoni ameshika spana, hafungui kitu wala hafungi. Wanamwita Rula kwa sababu hauzi fremu bila kupima. Unavua viatu, unaegemea ubao wa ukutani ndani ya mlango, unabana rula ndefu katikati ya mapaja, naye anapiga alama ya penseli na kuandika wewe ni nani. Ubao ule una alama za watu zaidi ya mia. Na akiletewa baiskeli iliyonunuliwa pengine, isiyomkaa mwenyewe, huitazama mara moja tu na kusema maneno yale yale: "Aliyekuuzia hii hakukutazama."

Waendesha baiskeli wa klabu walikuwa wamepita dakika kumi zilizopita, wamejipanga, vichwa chini, wanaelekea barabara ya mlimani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Kwa hiyo alilisema Kinyozi.

— Fundi, macho yangu yana ukungu, au binti yako amepita na baiskeli nyekundu?

Rula aliikagua spana yake.

— Maana nyekundu ile naijua. Ilikuwa inaning'inia pale Duka la Vioo, kwa wauza baiskeli wenzako, imepigwa taa kama bibi harusi.

— Macho yako mazima. Kunywa kahawa.

— Na ile ya kijani?

— Imerudi.

Ilirudi Jumatano. Binti aliiegemeza mlangoni ikiwa imeoshwa, cheni imepakwa mafuta, tairi zimejazwa upepo, kiti kimeshushwa mpaka mwisho. Akasema, "Asante, baba. Nimepata nyingine." Rula akasema, "Sawa." Basi. Watu wawili wa nyumba moja, wanaokula meza moja, na tangu siku hiyo kati yao kulikuwa na hiyo sawa tu, imekaa katikati kama mgeni asiyeaga. Mbio za mwaka ni Jumapili ijayo. Mji mzima ulikuwa umeshaambiwa, na aliyeuambia ni Rula mwenyewe, kwamba safari hii binti atapanda mlima juu ya fremu aliyochomelewa na baba yake.

— Sasa umemwonaje? Posta aliuliza taratibu. Juu ya hiyo nyekundu?

— Anateseka. Amekaa kama aliyekalia mwiba.

Huo ulikuwa uongo, na Rula hana desturi ya uongo kwenye baiskeli. Aliwahi kumrudisha mteja mlangoni, fedha mkononi, kwa sababu fremu ilimzidi kwa unene wa kidole. Asubuhi hii jicho lake lilimwona binti akipita: mgongo umetulia, viwiko vimelegea, mabega hayana kazi, kama maji yaliyomiminwa kwenye chombo chake. Jicho lilimwambia kitu. Rula akalinyamazisha.

— Tatizo ni rangi, Kinyozi alisema. Mtu ananunua baiskeli kama anavyochagua mtindo kwenye picha zangu za ukutani. Ananyoosha kidole, "Nataka huu." Kichwa chake hakina hata nywele za kufanya mtindo huo! Nyekundu, ndugu zangu, hata ukiiegemeza ukutani inaonekana inakwenda. Kijani inaonekana imepumzika.

— Rangi aliichagua mwenyewe, Rula alisema.

— Basi si rangi, Kinyozi akageuka pale pale, bila aibu. Ni kiyoyozi. Pale Vioo wana kiyoyozi. Mtu anatoka juani, jasho linamtiririka, anaingia, anapoa. Anadhani amependa baiskeli. Amependa ubaridi! Wangemuuzia hata jeneza.

Posta alicheka, akashika benchi.

— Nyie hamjui kitu, alisema. Ni mlio. Ukiacha kukanyaga, gurudumu la nyuma linalia, kre-kre-kre. Lile la Vioo linalia kwa nguvu. Mwendeshaji anasikia anajiona anafukuzwa, anaongeza mwendo. Sisi posta tulipewa zisizolia kabisa, mnajua kwa nini?

— Kwa nini?

— Mbwa. Mkubwa wetu wa kazi alizijaribu zote mbele ya mbwa wake. Ile ambayo mbwa hakuamka, ndiyo tuliyonunuliwa.

— Kwa hiyo baiskeli zenu zilichaguliwa na mbwa.

— Na hazikuharibika miaka thelathini! Nitajie kamati iliyofanya hivyo. Hata wahenga walise...

— Wahenga hawakupanda baiskeli, Rula alimkata. Waache walale.

Mama Birika alimimina kahawa, kikombe kwa kikombe, na birika lilikuwa limeanza kuinamishwa zaidi.

— Mimi naona uzito, alisema. Wanaume nyie mnainyanyua kwa kidole kimoja, mnatikisa kichwa, "Dah, nyepesi hii." Utadhani nyie ndio mtaibeba, si yenyewe iwabebe.

— Ya kijani ni chuma, Rula alisema. Chuma kinarudi kikipinda. Hiyo nyekundu yao ya kaboni ikipata ufa ndani huuoni, unausikia siku uko chini. Nilimwambia.

— Ulimwambia lini?

— Nimemwambia maisha yake yote!

— Kuna jambo hamlisemi, Kinyozi alisema, akishusha sauti kama mtu anayeuza siri. Upepo. Ule upepo wa kwenye tairi za Vioo. Zinakuja zimejazwa huko huko kiwandani, nchi ya baridi. Upepo wa baridi ni mwepesi. Wewe Fundi unajaza na pampu yako hapa, upepo huu huu wetu una vumbi, una moshi wa mkaa wa Mama Birika. Baiskeli itakimbiaje imejaa moshi?

— Usiniingizie moshi wangu!

— Nasema tu kitaalamu.

— Mtaalamu wa nini? Wewe wiki iliyopita umemkata mteja sikio.

— Alitikisika!

Posta safari hii alicheka kweli, na bomba likateleza, na kahawa ikamwagika kwenye goti lake. Wote wakacheka isipokuwa mmoja. Rula alikuwa anazungusha kigurudumu cha kurekebisha spana kwa kidole gumba, mbele, nyuma, mbele, nyuma.

— Ni jina lililoandikwa ubavuni, alisema ghafla, na kicheko kikazimika. Msijichoshe. Ya Vioo ina jina, herufi kubwa. Yangu haina jina. Mtoto anaona haya kupita mbele ya wenzake juu ya kitu alichochomelea baba yake mwenye mikono ya grisi. Ndiyo hivyo. Amesomeshwa kwa grisi hii hii, lakini ndiyo hivyo.

Kinyozi alikunja taulo, akalikunjua.

— Fundi, Mama Birika alisema, na sauti yake haikuwa ya kibiashara. Yule mtoto hana haya na wewe. Mimi nakaa hapa kila siku. Miezi sita hii akipita kuniamkia ananukia dawa ya kuchua. Asubuhi ananukia, jioni ananukia. Nikamuuliza, "Mwanangu, nini?" Akasema, "Mgongo, mama." Nikamwambia, "Mwambie baba yako."

— Ni mazoezi. Kila anayefanya mazoezi anaumwa.

— Hata mimi nilikuwa naumwa, Posta aliunga. Lakini ni kwa sababu ya barua za mahakama. Zina uzito, zile.

Wakati huo akaja mwanamke mmoja kijana, sare nyeupe, viatu vya kazi, macho ya mtu aliyetoka zamu. Kinyozi alimjua: nesi wa zahanati ya pale nyuma.

— Shikamooni.

— Marahaba. Karibu kahawa, nesi.

— Asante, kahawa nimekunywa usiku kucha. Namtafuta Fundi Rula. Nataka baiskeli ya mbio. Si ya kubebea mizigo, ya mbio hasa. Nataka kujiunga na wale waliopita. Nimekwenda Vioo wamenionyesha kumi na mbili, nimetoka nimechanganyikiwa. Wakaniambia niende kwanza kwa mzee mmoja anayepima.

— Wamekuambia hivyo wao wenyewe? Kinyozi aliuliza.

— Wao wenyewe. Wamesema binti yake pia walimpima kabla ya kumuuzia, na huyo binti ndiye aliyewafundisha kupima. Alisema ameijifunza kwa baba yake.

Rula aliweka spana chini. Aliingia ndani kuchukua rula. Alikawia kuiona, ingawa miaka yote inaning'inia kwenye msumari mmoja. Alipotoka, Kinyozi alikuwa ameshafanya ya kwake.

— Dada huyu na binti si kama pacha, Fundi? Urefu ule ule. Juzi nilimwita kwa nyuma nikidhani ndiye. Na ya kijani ipo hapa inakula vumbi. Nimemwambia apande tu, ajaribu.

Posta alikuwa ameishika baiskeli ya kijani kwa nyuma, na nesi alikuwa ameshaikalia, mkono mmoja kwenye nguzo ya kibaraza. Sasa akauachia, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

Rula alimtazama. Viwiko vilikuwa vimenyooka kama fimbo. Mabega yamepanda masikioni. Alikuwa amejinyoosha kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka nyuma ya kabati. Kidole cha mguu kilikuwa kinaitafuta pedeli, kinaipata, kinaipoteza. Na kiti hakikuwa na pa kushuka tena. Kwenye nguzo ya kiti Rula aliona sasa mikwaruzo, mmoja juu ya mwingine, midogo midogo, ya mtu aliyefungua akashusha, akafungua akashusha, miezi sita, mpaka chuma kikagota.

Mdomo ulifunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka.

— Aliyekuuzia hii...

Akasita. Kinyozi alishaisikia sentensi ile mara elfu na anaujua mwisho wake. Aliinamisha macho.

— Samahani, Fundi, nesi alisema, bado amejinyoosha. Hii ilitengenezwa kwa kipimo cha nani?

— Cha binti yake, walisema Kinyozi na Posta kwa pamoja.

— Alaa. Alichungulia ubao kupitia mlango ulio wazi. — Alama yake ni ipi pale? Kama tunalingana, basi niwekeeni hapo hapo.

Ni swali jepesi. Mtu anaulizwa saa ngapi, anatazama saa. Posta alivaa miwani, akaenda ubaoni, akaanza kufuata kwa kidole kutoka chini kwenda juu. Mwalimu wa hesabu. Pacha wa kwanza. Pacha wa pili. Mke wa seremala. Kinyozi, ambaye alipimwa mwaka juzi na hajanunua mpaka leo. Dereva wa maji. Mchungaji. Kidole kilipanda, kikafika kwenye alama moja iliyo juu ya nyingi, ambayo haikuandikwa kwa penseli. Ilichongwa kwa kisu, kwa herufi kubwa: KIFUNGUA MIMBA.

— Hii ni ya kaka yake, Posta alisema. Yule anayeendesha malori. Ngoja... Lazima ipo.

Kidole kilirudi chini, kikaanza tena.

Rula hakuhitaji kutafuta. Mabomba ya fremu yalikuwa yameshakatwa. Ndivyo ilivyokuwa, kama mtu anataka ukweli. Mwaka ule kijana alipoacha mbio na kushika usukani wa lori, mabomba yake yalikuwa chini ya meza ya kazi, yamekatwa kwa kipimo chake, chuma kizuri kisichopatikana tena. Binti akaja akasimama hapo hapo mlangoni: "Baba, na mimi naweza." Naye akasema, "Yako hii hapa." Alichomelea wiki tatu. Alimwacha achague rangi. Hakumvua viatu. Hakumweka ubaoni. Na mtaani alitembea kifua mbele akisema nimemtengenezea mwanangu.

— Haipo, Posta alisema hatimaye, akavua miwani. Fundi, mbona haipo?

Kinyozi, mwenye jibu la kila kitu, alikuwa anakung'uta taulo lisilo na unywele. Huko chini barabarani zikaanza kusikika zile kre-kre-kre nyingi kwa pamoja. Klabu ilikuwa inateremka kutoka mlimani. Mama Birika aliinua birika, akalipindua kabisa juu ya kikombe cha Rula. Lilitoa matone mawili na machicha.

— Imeisha, alisema.

Rula alishika usukani wa ile ya kijani ili isianguke.

— Shuka, mwanangu, alimwambia nesi. Hii itakuumiza mgongo.

— Umejuaje?

Mlio ulikuwa umefika kwenye kona. Rula aliikokota baiskeli akaingia nayo ndani kabla binti na wenzake hawajapita.