Ng'ombe Niliyempa Jina la Mwenzangu

Ndugu zangu wa jumuiya, kiongozi wetu aliponiambia leo ni zamu yangu kusimama, alisema, "Utueleze ulivyopona." Najua wengi mnadhani nitaeleza ile homa iliyonilaza hospitali ya Wasso. Hapana. Homa ile niliwaachia madaktari. Leo nitasema habari ya wivu, ambao hauna sindano.

Mnanijua kama mzee wa maksai. Vijana hawajui kwamba nilikuwa dereva. Nilivaa kaki zilizopigwa pasi, nikawashusha wageni ndani ya kreta kutazama wanyama, kwa Landrova ya hoteli moja kule juu ukingoni mwake. Nikipita hapa Karatu, watoto walikimbia kando ya barabara wakiniita jina, nami nilipunguza mwendo kidogo ili wanione vizuri. Ndivyo nilivyokuwa.

Kazi ile niliianza siku ile ile na mwenzangu wa hapa hapa Ganako. Jina lake sitalitaja. Mnaomjua, kaeni nalo moyoni. Tulijifunza gari pamoja kwenye lori la misheni, na kule hotelini tulilala chumba kimoja. Mimi nilijua injini. Yeye alijua watu. Mgeni akishuka kwenye gari langu, alinishukuru akaenda kula. Akishuka kwenye gari la mwenzangu, alimshika bega wakapiga picha. Alijifunza Kijerumani cha kuchekeshea, na mama mmoja mgeni akamwachia darubini. Ndugu zangu, nawaambia, darubini ile ilinikosesha raha. Tukiwa kreta, aliiweka machoni akasema, "Faru yule pale." Mimi nilikuwa nimeshamwona kwa macho matupu, lakini nani anasifu macho matupu?

Basi mpaka wa Kenya ukafungwa. Wageni wetu wengi walikuwa wanatokea Nairobi, wakakatika. Ukumbi wa chakula ukabaki na meza zilizofunikwa mashuka. Magari yakapandishwa juu ya mawe, tukawa tunanyofoa spea huku tunatia kule. Asubuhi moja meneja alituita madereva wote nyuma ya jiko, penye jua, maana kule juu baridi haimwachi mtu.

"Sina habari nzuri," alisema. "Uwezo wetu ni gari moja na dereva mmoja. Masika yajayo yakikaribia nitawaambia ni nani. Mwenye pa kwenda aende mapema, sitamlaumu."

Wengine wakaondoka mmoja mmoja. Tukabaki sisi wawili, tukipokezana. Wiki hii yeye kazini mimi nyumbani, wiki ijayo mimi kazini yeye nyumbani.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipopamba moto. Nikiwa nyumbani, nilimwona akilini akimchekesha meneja. Nikisikia ameitwa ofisini kunywa chai, chai yangu mimi niliiacha ikapoa. Nilimwonea wivu meno yake, kwa sababu yalikuwa meno ya kucheka. Mke wake alivaa kitenge kipya Krismasi, nikakionea wivu kitenge. Hata kanisani nilimtazama amepiga magoti nikajiuliza anaomba nini, na kama anaomba hicho hicho ninachoomba mimi, Mungu atamsikiliza nani. Mnacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Mke wangu alinivumilia. Jioni moja akaweka sahani mbele yangu, akasema, "Baba watoto, tangu urudi umemtaja huyo mtu kuliko unavyowataja wanao. Mtoto wako ameota jino. Umeliona?"

Sikuwa nimeliona.

Katika kipindi hicho shemeji yangu, kaka yake mke wangu anayekaa Baray, alikuja na madume wawili vijana waliokwisha kuhasiwa. Kule kwake majani yalikuwa yamekwisha. Hapa kwetu trekta la kijiji lilikuwa limesimama, dizeli hakuna, spea hakuna, watu wamerudi kwenye jembe la mkono. Shemeji akalitazama shamba langu lililojaa magugu.

"Shemeji, hawa nakuachia," alisema. "Wafundishe plau, ulime."

"Mimi ni dereva."

"Dereva wa nini wiki hii?"

Nikainuka kwa hasira nikamfuata. Alinionyesha namna ya kuchonga nira, na namna ya kuwafunga madume wavute gogo kwanza kabla ya plau, waende na kurudi mpaka wazoeane. Ng'ombe hana breki, jamani. Ukimlazimisha, analala chini na ninyi wawili mnatazamana. Wa kulia alikuwa mpole. Wa kushoto alikuwa mkaidi, na tena alikuwa na sura nzuri, kila mpita njia anamsifu yeye. Huyo nikampa jina la mwenzangu.

Naam, ndivyo nilivyofanya. Nilipata wa kumfokea kutwa nzima. "Fulani, simama! Fulani, mvivu wewe, unapendwa bure!" Mara ya kwanza mke wangu alisikia akacheka. Mara ya pili hakucheka.

Lakini hata nilipokuwa nafoka, mambo yalikuwa yanabadilika na mimi sijui. Wiki za nyumbani zikaanza kuwa fupi. Madume wakaanza kuifahamu sauti yangu. Siku plau ilipozama ikatoa mstari wa kwanza ulionyooka, nilisimama nikageuka kuutazama. Nilikuwa nimezoea kwamba nikigeuka naona vumbi tu. Mjane mmoja jirani alikuwa anapalilia upande wa pili, akaja mpaka kwenye mpaka wa shamba akauliza, "Na kwangu utanilimia kabla ya mvua?" Nikamwambia nitamlimia. Baada yake wakaja wengine, nao nikawaahidi.

Sasa nisikilizeni hapa. Mchana mmoja nilikuwa shambani, yule mkaidi ametoka kwenye mstari, nami nikalitaja lile jina kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Nikasikia mtu nyuma yangu anaitika.

"Naam."

Alikuwa mwenzangu mwenyewe, amevaa kaki zake, ametoka kuteremka kutoka hotelini. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Alimtazama ng'ombe, ng'ombe naye akamtazama.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye."

"Anavuta?"

"Anavuta kuliko mwenzake," nikasema, na ulikuwa ukweli.

"Basi afadhali," akasema, akaketi kwenye ukingo wa mtaro.

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alisema meneja anatuita sote wawili kesho. Kisha akawa anang'oa majani pale alipoketi, akasema taratibu, "Wewe wakikupunguza, una hapa. Mimi shamba la baba kaka zangu waligawana nikiwa kazini. Wiki zangu za nyumbani nalala kwa mama mkwe. Unaniona nacheka sana na meneja. Ni woga."

Ndugu zangu, huyu ni mtu niliyelala naye chumba kimoja miaka yote ile. Nilijua darubini yake, nilijua meno yake na kitenge cha mke wake. Kwamba hana pa kuweka kichwa, sikujua, kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Kesho yake tulipanda pamoja kwenda hotelini. Meneja aliniita mimi kwanza, mwenzangu akabaki nje kwenye benchi.

"Nimefikiri sana," alisema meneja. "Wageni wa kuchekeshwa hawapo. Nina gari bovu, nahitaji mtu anayejua injini. Utabaki wewe."

Nilikuwa nimeliombea jambo lile miezi na miezi. Furaha ilikuja, siwadanganyi, na ilikuwa furaha mbaya, maana kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchungulia dirishani nimwone mwenzangu amekaaje. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anatazama chini. Furaha ikaniishia pale pale. Akilini nikamwona yule mjane amesimama kwenye mpaka wa shamba. Nikawaona madume wangu. Nikajiona na mimi, ndani ya karakana ya hoteli, kwenye baridi, nanyofoa spea gari hili natia lile, nikingoja kuamuliwa tena mwaka mwingine.

Nikasema, "Meneja, kazi mpe mwenzangu. Injini ikimshinda, nitapanda kuja kumsaidia."

"Una akili timamu wewe?"

"Sijui," nikamjibu, nikatoka kumwita mwenzangu aingie.

Msinisifu. Kabla sijafika getini nilikuwa nimeshajuta. Nilipata nafasi kwenye lori lililotoka Wasso, nikakaa juu ya magunia, na kila kona nilitaka kupiga bodi dereva asimame nirudi. Mke wangu aliposikia akasema, "Basi kesho uamke mapema. Yule mjane amekuja mara mbili kukuulizia."

Nikaamka mapema. Nikamlimia, nikawalimia na wengine, mpaka watu wakaanza kuniletea madume yao niwafundishe, wa hapa Ganako na wa kule chini Baray. Ile ndiyo kazi mliyonikuta nayo, na ndiyo iliyosomesha wanangu.

Wivu ulikufa? Haukufa. Ile miaka ya kukosa sabuni madukani, mwenzangu alipita na shati jeupe akapiga honi, nami nikageuza uso nikawatazama ng'ombe. Ila zamani wivu ule ulikaa na mimi kutwa. Sasa ulipata muda wa gari kupita tu, kisha plau inaniita. Gari lake lilipoharibika nilikwenda kulitengeneza kama nilivyoahidi. Naye alipopata kipande cha ardhi, mimi ndiye niliyekilima. Sasa wageni wanarudi, na amepewa gari jipya. Juzi alisimama pale kwangu, wivu ukaniamka kama zamani. Safari hii nikamwambia wazi. Akanirushia funguo, akasema, "Haya, liendeshe." Nikaliendesha mpaka mnadani na kurudi. Ni gari zuri sana. Bado nalitamani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu aliyeniuliza habari ya jino, na shemeji aliyeniuliza mimi ni dereva wa nini. Namshukuru yule mama mjane aliyeniamini kabla mimi sijajiamini. Na mwenzangu namshukuru kwa kuketi pale mtaroni, wakati alikuwa na haki ya kuondoka na hasira zake.

Nasikia baadhi yenu huko mliko kazini mmeambiwa watu watapunguzwa, na najua mmeanza kuangaliana. Yule unayemwangalia vibaya, nenda kamuulize akitoka pale analala wapi. Muulize leo. Na wakati mnangoja kuamuliwa, msikae na mikono mitupu, kwa sababu mikono mitupu ndiyo iliyonila mimi.

Kesho asubuhi nina madume wawili wapya, hawajui gogo wala nira. Nahitaji wa kushika kamba. Anayetaka aje, ila asivae viatu vizuri.