Mjukuu wa Odell Crutchfield

Kila Jumamosi, benchi la nje ya duka la kinyozi pale Mtaa wa 79, Chicago, lina wenyewe. Odell Crutchfield hukaa katikati na kahawa yake. Kulia kwake ni Shemasi, ambaye hakuwahi kuwa shemasi wa kanisa lolote, na kushoto ni Profesa, aliyefukuzwa chuo muhula wa kwanza. Siku hiyo Odell alikuwa kanuna. Binti yake Renita amejifungua, na kesho mtoto anapelekwa kubarikiwa na Mchungaji Lazarus Whitlow, yule anayehubiri kwamba mtu mweusi anayebeba jina la ukoo la bwana aliyemmiliki babu yake, bado yumo mnyororoni. Mtoto hatakuwa Crutchfield. Odell alipoambiwa hivyo kwenye simu, alikata. Tangu hapo moyo unamuuma, ila kukiri ndiyo kazi.

— Fulana za mkutano wa ukoo natengenezesha mimi kila kiangazi, alisema Odell. Jina kifuani, kubwa. Whitlow anasema eti ni chapa ya ng'ombe, tunajipiga wenyewe.

— Mimi naona mchungaji ana hoja, alisema Profesa.

— Hoja gani? Mwacha asili ni mtumwa.

— Si ndiyo hayohayo anayohubiri yeye?

Shemasi akadakia:

— Yule katumwa na serikali. Akishatufuta majina, siku ya kulipwa fidia ya utumwa tutajulikanaje? Haraka haraka haina baraka.

— Haraka iko wapi hapo?

— Ipo tu. Wewe subiri.

— Serikali wapi, alisema Profesa. Ni wachonga mawe ya makaburi. Watu wote hawa wakibadili majina, kila kaburi litataka jiwe jipya. Mchungaji anakula nao sahani moja.

— Akimaliza majina atahamia kwenye mbavu za nguruwe.

— Alishazikataza zamani.

— Basi huyo ni adui kabisa, alisema Shemasi kwa uchungu.

Odell hakucheka.

— Baba yangu kanunua nyumba kwa jina hilo, wakati benki zilikuwa hazitaki hata kumwona mlangoni. Kazikwa nalo. Leo nikasimame kanisani niseme lilikuwa takataka?

Hapo wenzake waliinamia vikombe.

Bi. Verdell, aliyehamia mtaani majuzi, alikuja kumngojea mumewe anyolewe. Wakamsogezea nafasi, wakamweleza kisa chote, watatu kwa mpigo. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

— Pole, kaka. Na mtoto wanamwitaje?

— Si Crutchfield, alisema Shemasi.

— Hilo nimelisikia. Jina lake mwenyewe?

Profesa alimtazama Shemasi, Shemasi akamtazama Odell. Odell akaikumbuka ile simu. Alikata Renita akiwa bado anaongea. Hakujua hata kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Aliweka kikombe chini, akainuka.

— Unakwenda wapi, mzee? Kahawa hujamaliza.

— Kuuliza.