Bwana Ushahidi na Swali la Ufunguo

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliopita mikononi mwa marehemu, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na binti yake, mwanawe wa kwanza, na ni haki yenu mjue mapema kwamba tangu jana alasiri ndugu wamevutana juu ya ukurasa wa pili, baba mdogo akitaka uondolewe kwa kuwa msibani si mahali pa kufukua mambo, binti akishikilia usomwe kwa kuwa marehemu mwenyewe aliuandika kwa mkono wake, na mpaka jeneza linaingia ukumbini humu hawakuwa wamepatana. Ukurasa huo utasomwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi saa na mkunga, alichelewa kusema hadi nyumba nzima ikaingiwa na hofu, kisha akaanza, na hakuna aliyefaulu kumnyamazisha tena. Alisoma shule ya msingi mwaka 1959 hadi 1966, sekondari hadi 1970, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1973.

Alianza kazi Januari 1974, na mwaka 1980 akahamishiwa sekondari ya wasichana ya bweni, ambako kila Ijumaa mchana aliendesha klabu ya midahalo katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba mwanafunzi atetee upande asiouamini, ili ajue wenzake wanafikirije kabla ya kuwabeza, na kwa kuwa hata akiambiwa chai imepoa aliuliza nani ameionja, wasichana walimpachika jina la Bwana Ushahidi.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na karani wa posta, ambaye alimposa kwa hoja tatu, karani akazipangua mbili palepale na kukubali kwa ile ya tatu, ambayo mpaka leo mama hajamwambia mtu. Walijaliwa watoto watatu, binti anayesoma hapa, aliyezaliwa mwaka 1981, na wadogo zake wawili wa kiume.

Sasa ni ukurasa wa pili, na baba mdogo, shikamoo, tafadhali uvumilie.

Ijumaa tarehe 15 Mei 1998 shule nzima ilikusanyika bwaloni kujadili kama milango ya mabweni ifungwe kwa kufuli wakati wa kujisomea jioni, maana wengi walikuwa wakitoroka masomo na kurudi vitandani, na marehemu alimpa binti yake, aliyekuwa kidato cha nne, upande wa kutetea kufuli, ingawa nyumbani alikuwa akizilaani. Mpinzani wake, msichana mpole wa kidato cha tatu, aliuliza swali moja tu, moto ukiwaka, ufunguo atakuwa nao nani, na binti akasema mwenzake anaogopa moto kuliko anavyoogopa mtihani, bwalo zima likaangua kicheko, na marehemu akampa alama tisa kati ya kumi za kujibu maswali. Marehemu ameandika kwamba alijua fika swali halikujibiwa, kwamba ilikuwa kazi yake kusimama na kuwaambia waliohudhuria kuwa kushinda mdahalo si kuthibitisha jambo, na kwamba alinyamaza kwa sababu moja, alikuwa anaona fahari juu ya mwanawe. Mkuu wa shule alikuwa ameketi safu ya mbele, na Jumatatu yake fundi alifunga kufuli.

Tarehe 2 Septemba mwaka uleule, saa moja na nusu jioni, waya mbovu ulishika moto katika bweni la pili, na ndani alikuwa amelala mtu mmoja tu, mwenye homa, naye ni yule mpinzani. Alivunja dirisha kwa mikono, akatolewa akiwa hai, lakini vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki hata leo, na shule hakurudi. Mbele ya kamati ya uchunguzi marehemu alisema mada ilikuwa yake na alama zilikuwa zake, akasimamishwa kazi mwaka mzima, na aliporudi hakutoa tena alama kwa mdahalo wowote mpaka kwanza waliosikiliza waandike swali lililokwepwa. Hivyo ndivyo alivyofundisha hadi alipostaafu mwaka 2011. Binti naye alijificha nyuma ya mgongo wa baba yake, na hilo marehemu hakuliandika, analisema binti mwenyewe, na anaona aibu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Februari 2022, akalazwa mara nne, na tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao walivumilia kuulizwa sababu ya kila kidonge, majirani waliombeba kila asubuhi hadi kibarazani, na walimu wenzake ambao hawajapungukiwa na neno tangu msiba uanze. Inamshukuru pia fundi wa cherehani aliyeketi karibu na mlango, ambaye ndiye yule mpinzani. Juzi binti alimwendea kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na sita kuomba ruhusa ya kusoma ukurasa huu, fundi akaendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, kisha akamwambia asome, ila asithubutu kusema amesamehewa, maana hilo hakuliomba.

Mstari wa mwisho wa marehemu unaagiza kwamba msomaji akimaliza, kipaza sauti apelekewe fundi, bila kupangiwa dakika, na asiwepo wa kucheka wala kupiga makofi. Baba mdogo hajaridhia, na binti hajui kitakachosemwa, lakini mdogo wake ameshakishika na anaelekea mlangoni.

Pumzika, Baba, zamu yako imekwisha. Dada, naomba unisamehe. Nafasi ni yako.