Jemadari wa Pinki

“Jemadari huyo haruhusiwi, mama. Hata ukilia, haruhusiwi,” alisema mwamuzi wa mashindano ya vita vya mezani, treni ikiyumba.

“Nani analia?” Fundi wa meno ya bandia alifungua sanduku mapajani. Ndani yake mlikuwa na vijisanamu arobaini vya askari, kila kimoja na urefu wa kidole gumba, alivyovipaka rangi kwa miaka minne ili leo avipange mezani mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Jemadari wao, kampuni inayovitengeneza iliacha kumuuza, basi fundi akamtengeneza mwenyewe kazini, kwa plastiki ileile ya pinki anayotengenezea ufizi wa bandia.

“Kampuni inataka vya kwake tu. Kanunue jemadari mpya.”

“Huyo mpya amepanda joka. Wangu wanatembea kwa miguu. Atawaongoza akiwa hewani?”

“Kitabu kipya cha kanuni ndicho kinasema hivyo.”

“Kila mwaka kitabu kipya! Nina watoto watatu wa kuvisha, kaka. Sasa nivishe na jeshi?”

Mwamuzi alicheka, lakini akatikisa kichwa. “Mezani kwangu hakai.”

Fundi akatoa simu na kuwaandikia wachezaji wote kumi na mmoja: Leo tunacheza kwangu, meza ya chakula. Askari yeyote anaruhusiwa, hata wa njiti za kiberiti. Njooni na viti.

“Huwezi kuhamisha mashindano!”

“Sihamishi kitu. Nakaribisha wageni.”

Treni iliposimama, kituo kimoja kabla ya ukumbi wa mashindano, alifunga sanduku akashuka ili arudi nyumbani. “Na wewe ukija,” alimwambia kupitia dirisha, “uvue viatu mlangoni.”