Mama Mkono na makofi ya komite

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, ninyi wa Kasuku, wa Mikelenge, na ninyi wa ng'ambo ya mto, Alunguli. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwanvua binti Sudi, aliyezikwa Ijumaa. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Mkono. Mama Mkono, yule muuza mafuta ya mawese ambaye kila palipokusanyika watu alikuja na mkono wa kuume umefungwa kitambaa, miaka nenda miaka rudi, na mkono wenyewe haukuwa na jeraha lolote.

Turudi katika siku za Zaire. Chama kilikuwa kimoja, na kila mtu alikuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake. Mwanvua aliwekwa katika komite ya mji awasemee wanawake wa sokoni. Hakuomba. Aliitwa, akaambiwa: wewe njo utakaa pale, ni wewe hasa. Akakaa.

Mwaka wa sabini na sita msaada wa serikali ukapunguzwa. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, Kinshasa ikabana mkono, na mji wetu ukapewa nusu ya ulichozoea. Nusu tu. Ilibidi kitu kikatwe. Mezani palikuwa na vitu viwili: materenite ndogo ya Alunguli, yaani ile nyumba ya kuzalishia ya ng'ambo, na nguo mpya za wacheza ngoma wa chama. Mnajua wenyewe ni kipi kilikuwa hakiguswi.

Mwanvua alitaka kukigusa. Binti yake wa pekee, Zawadi, alikuwa ameolewa Alunguli na alikuwa na mimba kubwa. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka vibaya, na muuguzi alisema mtoto wa hii asizaliwe mbali na materenite. Basi Mwanvua akamwendea mwalimu Florentin, mjumbe mwenzake. Majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, lakini sokoni yeye alibaki Florentin. Wakapatana. Mwanvua angesema wacheza ngoma wavae nguo za mwaka jana, na Florentin angemuunga mkono.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe lilikwenda haraka. Komisere wa mji, yule mkuu aliyewekwa na chama, alisimama, akasema pesa zimepungua, materenite ya Alunguli itafungwa. Hakuvuta hata pumzi. Akaunganisha hapo hapo na wito tuliokuwa tunaitikia kila asubuhi mbele ya bendera. "Chama ngapi?" Komite ikaitika: "Kimoja!" "Taifa ngapi?" "Moja!" Na baada ya wito, wazee mnakumbuka, yanafuata makofi. Mikono ya Mwanvua ikapiga. Ilikuwa imezoea. Alipokuja kushtuka, karani alikuwa amekwisha kuandika: imepitishwa kwa makofi ya wote.

Akasimama na kunyoosha mkono, akamwita mwananchi kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa siku zile. "Citoyen komisere, mimi niko na neno juu ya materenite."

"Citoyenne, umeisha kupiga makofi. Unataka kupinga mikono yako?"

"Yale nilipigia chama."

"Na uamuzi njo wa nani? Ao chama haukukipigia?"

Watu wakacheka. Florentin akaangalia viatu vyake. Mwanvua akaona amebanwa huku na huku. Akikubali kwamba alipiga, materenite imefungwa kwa mikono yake. Akikana, basi hakukipigia chama makofi, na watu wa namna hiyo walichukuliwa, wakasahauliwa. Akaketi.

Nje, Florentin alimfuata. "Mama, niko na batoto."

"Na mimi niko na mumoja," Mwanvua akamjibu.

Akajaribu kutoka katika komite. Akaambiwa chama hakitokwi. Akamwita Zawadi ahamie kwake Kasuku. Wakwe wakasema watamleta siku zikikaribia, kwani haraka ya nini. Uchungu ukamshika Zawadi kabla ya wakati, jua likiwa utosini. Mwanvua alipelekewa habari, akakimbilia ukingoni. Aliuona mtumbwi unamleta Zawadi, kisha katikati ya mto Lualaba wapiga kasia wakaacha kupiga. Mtumbwi ukawa unachukuliwa na maji tu. Hapo akajua kwamba mtoto anazaliwa humo humo. Huku alikosimama hakuweza kufanya lolote.

Mtoto alizaliwa ndani ya mtumbwi huo. Ndiye Halima, ambaye leo amekuja studio. Zawadi alitoka damu nyingi mno. Alipona, lakini hakuzaa tena.

Katika kikao kilichofuata Mwanvua aliingia na mkono umefungwa kitambaa. "Nilianguka," akasema. Kikao cha pili, mkono bado mgonjwa. Cha tatu, mgonjwa vilevile. Sokoni mkono huohuo ulibeba bidoni ya mawese, dumu zima, bila taabu, na komisere alijua, lakini ni sheria gani inayomlazimisha mtu mwenye mkono mbovu apige makofi? Wito ukiitwa aliitika kwa mdomo. Aliendelea kukaa pale, kikao baada ya kikao, mpaka komite na chama chake vikafa. Kitambaa kikabaki.

Halima anatuambia hivi: "Siku nilipata diploma, bote banapiga makofi. Bibi ameketi mustari wa mbele, mukono ndani ya kitambaa. Nililia. Nikamuuliza: bibi, chama ilikufa zamani, unaogopa nini? Akaniambia: 'Siogope chama. Naogopa mikono.'" Kisha Halima akaongeza: "Mama yangu hakumulaumu hata siku moja. Ingekuwa afazali amulaumu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Zawadi, kwa Halima na kwa jamaa yote ya Mwanvua binti Sudi, tunawapa pole. Mungu amlaze pema. Na ninyi mnaotusikia, ukifika wakati wa kuzima redio, itazameni hiyo mikono yenu kidogo, mkumbuke imewahi kupigia nini.

Mnajua kwamba kila wiki kipindi hiki humalizika kwa makofi. Yamo katika kanda, fundi wetu huyaweka kumshukuru marehemu. Leo Halima ametuomba jambo moja tu.

Fundi, usiyaweke.