Redio Dirishani: Maisha ya Filimone Lavaki

Filimone Lavaki alizaliwa tarehe 9 Machi 1978 hapa kijijini Leimatu'a, kisiwani Vava'u, mtoto wa kwanza wa marehemu Viliami Lavaki na Mama Lavinia. Mimi ninayewasomea ni Losaline, mdogo wake. Tulizaliwa wawili tu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari mjini Neiafu, akamaliza mwaka 1996. Alipotimiza miaka kumi na mitatu alihamia kibanda cha wavulana nyuma ya nyumba, kama inavyotaka heshima yetu ya kaka na dada, wasilale nyumba moja wala kusikia pamoja maneno ya mapenzi, na redio ya kanda akaondoka nayo. Tangu siku hiyo hatukuketi tena kusikiliza wimbo pamoja. Lakini kila Jumamosi asubuhi, kipindi cha salamu na muziki kilipoanza, aliiweka redio dirishani, ikitazama nyumba kubwa.

"We Filimone!" Mama alimpigia kelele. "Punguza! Nguruwe wamekimbilia kwa mchungaji!"

"Mama, huku joto. Redio nayo inataka hewa."

"Hewa gani inaimba mpenzi, mpenzi? Dada yako yuko hapa!"

"Mimi sijui nani yuko huko," alijibu, akaongeza sauti.

Kila wimbo ninaoupenda uliingia kwa dirisha lile. Nyimbo hizo alikuwa akizirekodi kwenye kanda. Katika kanda moja jogoo wetu aliwika katikati ya kiitikio. Hadi leo nikiusikia wimbo ule bila jogoo, naona umekatwa.

Mwaka 1997 aliajiriwa Neiafu kuwa fundi umeme, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita. Siku ya kuhama alimwachia Mama sanduku la kanda. "Mpe yeyote atakayezitunza," alisema, ingawa Baba na Mama walisikiliza tenzi za kanisani tu, na mtoto aliyebaki nyumbani ni mimi.

Tarehe 13 Desemba 2003 alifunga ndoa na Seini. Karamuni aliwakataza wapiga gitaa kugusa wimbo wowote wa mapenzi hadi nitoke. Nilitoka, nikasimama nyuma ya ukumbi, nikazisikia nyimbo zote.

Figo zilianza kumshinda mwaka 2022. Wiki ya mwisho ya uhai wake nilikaa barazani hospitalini, chini ya dirisha la wodi yake. Alilala kifua wazi, na kwetu dada hamwoni kaka hivyo, kwa hiyo nisingeweza kuingia. Nilitaka ajue kabla hajaondoka kwamba nyimbo zake zilinifikia, na hilo sikuwa na ruhusa ya kulitamka mbele yake. Basi nikaleta kanda ya jogoo. Redio nikaiweka dirishani.

Ndani nilimsikia Seini akimuuliza, "Baba Tupou, nani huyo anatupigia muziki?"

Alisubiri jogoo wa kwenye kanda awike kwanza.

"Mimi sijui nani yuko huko," alisema. "Mwambie aongeze sauti."

Aliaga dunia alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Agosti 2024.

Ameacha Mama Lavinia, mjane wake Seini, watoto Tupou, Maka na Lavinia mdogo, na dada mmoja. Apumzike kwa amani kaka yangu. Dirisha halijafungwa.